Zizini na Wasomaji: Dume Mmoja, Ukoo Mzima?

Mbukwenyi wasomaji wetu. Mwezi huu meseji zimejaa kwenye simu ya hili dawati mpaka ikawa inagoma kupokea, na cha ajabu nusu nzima ni za farasi, wakati sisi Dodoma hii tunaishi na ng'ombe, mbuzi na punda, farasi tunamuona kwenye gwaride na kwenye tivii basi. Nadhani kosa ni langu. Mwezi uliopita nilichomekea mstari mmoja kwamba kuna aina ya farasi huko Marekani inayotokana na dume mmoja, nafasi ikaisha nikaishia hapo, kumbe nimewasha moto. Haya, leo tuumalize. Walioandika kuhusu minyoo ya mbuzi wanivumilie, zamu yao mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo mzee wa zizi. Ulisema kuna farasi wanaitwa Morgan ambao baba yao ni mmoja. Hapa kijiweni kwetu bodaboda tumebishana wiki nzima. Mmoja anasema haiwezekani, wangekuwa wanazaana ndugu kwa ndugu wakatoka vilema watupu. Mwingine anasema ni stori za wazungu kujisifia tu. Tuambie ukweli maana kuna soda mbili zimewekwa. (Kijana wa Nkuhungu)

JIBU: Marahaba kijana, na hizo soda msizifungue kwanza.

Dume mwenyewe alikuwepo, sio wa kutunga. Aliitwa Figure, alizaliwa mwaka 1789 jimbo la Massachusetts, alafu akafika Vermont akiwa mali ya mwalimu mmoja wa uimbaji aitwaye Justin Morgan. Mwalimu alikuwa na njaa zake kama walimu wengi, na inasimuliwa kwamba huyo farasi alimpata kama malipo ya deni, yaani kamfuata mdaiwa wake akitegemea kurudi na hela taslimu, akarudi anaburuta kitoto cha farasi. Ingekuwa hapa kwetu angeambiwa umepigwa mwalimu. Tena hakuwa farasi wa kutisha, hata alipokomaa inakadiriwa urefu wake begani ulikuwa kama sentimita 142 na uzito kilo 430 hivi, mwili kahawia na singa nyeusi, kafupi kamejikaza.

Ila kazi sasa. Vermont ya wakati ule ilikuwa msitu unafyekwa, watu wanafungua mashamba mapya na magogo hayasogei yenyewe, kwa hiyo Figure akawa anakodishwa kuvuta magogo, anapandwa safari, anafungwa kwenye mkokoteni, na watu wakishakaa mahali na kinywaji chao anatolewa kushindanishwa mbio. Masimulizi ya kule yanasema aliwashinda farasi wakubwa kwenye kuvuta na wale wepesi kwenye kukimbia, tena siku hiyo hiyo. Hilo la siku hiyo hiyo mimi nawaachia wasimuliaji, lakini kwamba alifaa kwa vyote viwili hakuna anayebisha.

Mwalimu Morgan akafariki 1798 na farasi akaendelea kupita mkono kwa mkono, huyu anamuuza kwa yule, na kila alikofika alipandishwa kwa majike wa majirani. Hapa ndio penye utamu wenyewe. Wale majike walikuwa wa kila namna, warefu, wafupi, wa shamba, wa kupanda, lakini watoto wakawa wanatoka wamemfanana yeye: kifua kipana, shingo imesimama, mgongo mfupi, mwendo mwepesi, na hasira hakuna. Dume wa hivyo mimi namuita dume anayegonga muhuri. Sio kila dume mzuri anagonga, wapo madume wazuri kweli kweli ukiwaangalia lakini watoto wao kila mmoja na sura yake kama abiria wa daladala.

Wagogo wenzangu mtanielewa haraka nikiwaambia habari ya dume la babu yangu kule Mvumi. Lilikuwa jeusi lote, ila kwenye paji la uso lina baka jeupe kama mtu kamwagia unga kidogo akafuta nusu. Ndama karibu wote wa zizi letu walikuwa na lile baka, wengine kubwa, wengine tone tu. Sasa kulikuwa na jirani mmoja hawaelewani na babu, mambo ya mpaka wa shamba, na alishaapa jike lake halitasogelea zizi letu. Mwaka uliofuata jike likazaa, ndama mweusi, baka jeupe katikati ya macho. Kumbe usiku dume lilikuwa linaruka boma la miiba. Jirani hakusema kitu, babu naye hakusema kitu, ila kila ng'ombe walipopita kwenda malambo babu anakohoa.

Turudi kwenye ubishi wenu. Huyo wa kwanza anayesema wangezaana ndugu kwa ndugu, amekosa hivi. Figure hakufungiwa chumbani na binti zake. Alipandishwa majike wengi wasio na undugu naye, wakazaliwa madume watatu ambao majina yao ndio yanatajwa sana, Sherman, Woodbury na Bulrush, mama mbalimbali, na hao nao wakaenda kwenye majike wengine. Piga hesabu: mtoto ana nusu ya damu ya baba, mjukuu robo, kitukuu moja ya nane, ukifika kizazi cha kumi ni sehemu moja kati ya 1,024. Ingekuwa kila mara anaingia jike mgeni kabisa, saivi damu ya Figure ingekuwa kama tone la mafuta ya taa kwenye lambo. Iliyofanya isipotee ni watu kurudi makusudi kwenye uzao wake, mjukuu wa Sherman kwa mjukuu wa Woodbury, kwa hiyo undugu upo lakini wa mbali mbali na uliopangwa. Ule wa karibu karibu ndio hatari, nitaufikia chini.

Na huyo wa pili wa stori za wazungu, yeye ana kaukweli kadogo. Figure alikufa 1821. Kitabu cha kwanza cha rejista ya farasi wa Morgan, kilichotengenezwa na mtu anaitwa Joseph Battell, kimetoka 1894. Miaka 73 katikati hapo! Ndani ya hiyo miaka kila muuza farasi Vermont alikuwa na mjukuu wa Figure wa kuuza, si unajua wauzaji. Battell alikaa anafukua barua, matangazo ya zamani na kumbukumbu za wazee mpaka akapata mistari inayoshikika. Hata jina la Figure lenyewe lilimezwa, watu walikuwa wanasema farasi wa Morgan, farasi wa Morgan, mwishowe ukoo mzima ukabeba jina la mwalimu asiye na hela.

Kwa hiyo wote wawili mmeshindwa nusu nusu. Soda zote mbili nileteeni mimi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama mfugaji, nina ng'ombe watano wa maziwa. Kila nikisoma ukurasa wenu ni dume, dume, dume. Maziwa hayakamuliwi kwa dume. Kwa nini sifa zote anapewa yeye? (Mama wa Buigiri)

JIBU: Mama umenipiga penyewe, na sina pa kukimbilia.

Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Farasi jike anabeba mimba miezi 11, anazaa mmoja, maisha yake yote akijitahidi sana kumi na kitu. Dume kwa msimu mmoja anapandishwa majike makumi. Kwa hiyo jike akiwa hodari namna gani watoto wake wanajaa kwenye trekta moja, dume akiwa hodari anajaza wilaya.

Chukua Hambletonian, dume la New York lililozaliwa 1849, ambaye farasi karibu wote wa Standardbred, hawa wanaokimbia kwa mwendo wa matiti, yaani hatua za haraka bila kuruka, huku wanavuta kigari kidogo cha magurudumu mawili, wanarudi kwake. Alizaa watoto 1,331. Lakini angalia alivyopatikana. Mama yake alikuwa jike kilema, ameumia mguu, na tajiri mwenye shamba alishamuona ni mzigo. Kibarua wa hapo shambani, William Rysdyk, ndiye aliyemuomba tajiri amuuzie, mama pamoja na mtoto, wote wawili dola 125, na kwa kibarua hiyo ilikuwa hela ya kujinyonga nayo. Tajiri alikuwa anauza jike kilema, kibarua alikuwa ananunua kitoto kilicho pembeni yake. Baadae watu walikuwa wanalipa mpaka dola 500 kumpandisha jike mmoja kwa Hambletonian, na Rysdyk akafa tajiri. Wa leo karibu wote wanapitia kwa watoto wake wanne tu wa kiume. Jike kilema kwenye vitabu anaandikwa kwa jina la mtu aliyewahi kummiliki, Charles Kent Mare, yaani jike wa Charles Kent. Hana hata jina lake. Na mama yake Figure ndio kabisa, baba anatajwa kwa jina, True Briton, mama anaachwa na maelezo tu ya yeye ni wa uzao gani.

Sababu ya pili ni namna watu wanavyosoma ukoo. Umewahi kusikia habari ya Thoroughbred, farasi wa mbio wa Uingereza? Wanasema waanzilishi ni madume watatu kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian aliyenunuliwa Aleppo huko Syria mwaka 1704, na Godolphin Arabian. Alafu wanaongeza kwamba asilimia 95 ya Thoroughbred madume wanarudi kwa Darley Arabian, mtu ukisikia unadhani wengine wote hawakufanya kitu. Si hivyo. Ile 95 inahesabu mstari wa baba, baba, baba, baba, basi. Kuna kromosomu inaitwa Y ambayo baba anampa mtoto wa kiume nzima nzima bila kuchanganya, inashuka kama jina la ukoo kwenye kitambulisho. Sasa mama, wewe mwenyewe angalia jina la tatu kwenye kitambulisho chako, linasema babu yako mzaa baba ni nani, je linasema chochote kuhusu bibi zako? Damu yako robo tatu imetoka kwa watu ambao jina lao haliko pale. Ndio farasi walivyo. Ukihesabu damu yote kwa ujumla, sio jina la ukoo tu, Godolphin amechangia kuliko Darley. Na utafiti wa 2001 uliofanya hizo hesabu ulikuta pia majike kumi tu ndio walioko nyuma ya asilimia 72 ya mistari ya kike. Kumi! Mbona hatuwaimbi?

Ngoja nikupe na hili ulipeleke kwenye kikundi chenu cha akina mama. Mwaka 2012 watafiti waliifuatilia ile jeni, yaani chembe ya urithi, inayowapa Thoroughbred spidi ya masafa mafupi. Kila mtu alitegemea imekuja na yale madume ya mashariki. Wakakuta inaelekea imeingia mara moja tu, karibu miaka 300 iliyopita, na mlangoni alikuwa jike wa kienyeji wa Uingereza. Wa kienyeji, kama zebu wako yule unayemdharau. Alafu ikaja kusambazwa na dume maarufu, Northern Dancer, na sifa akapewa nani? Haya.

SWALI: Mzee shikamoo. Niko Kibakwe. Hawa ng'ombe wetu wa Mpwapwa nao wana dume mmoja mwanzilishi kama hao farasi? Na kuna mtu kaniuzia dume mnadani anasema ni mjukuu wa dume la kituo, nitajuaje? (Mfugaji, Kibakwe)

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Jibu la kwanza: hapana, na hiyo ndio raha ya ng'ombe wa Mpwapwa. Wao walitengenezwa njia nyingine kabisa. Pale kituo cha utafiti wa mifugo, hii tunayoita saivi TALIRI, kazi ilianza miaka ya 1940 kwa kuchanganya damu kwa mpango: Red Sindhi na Sahiwal kutoka upande wa India na Pakistani ndio wengi, wakatia zebu wetu wa Tanzania, wakatia Boran, na kidogo cha ng'ombe wa Ulaya, hasa Ayrshire. Walitaka mnyama anayetoa maziwa kumshinda zebu, ana nyama, na kiangazi cha Dodoma kikimkuta hafi kizembe. Kwa hiyo ukiuliza dume la kwanza la Mpwapwa aliitwa nani hakuna atakayekujibu kwa sababu hakuna mmoja, ni chungu kimoja kilichotiwa viungo vingi. Figure alianza yeye watu wakamfuata, Mpwapwa watu walikaa mezani kwanza ndio wakaita ng'ombe.

Jibu la pili kuhusu huyo wa mnadani. Mimi Jumamosi zangu nyingi nazimalizia Msalato, nyama choma kwanza alafu nazunguka kwenye ng'ombe, na nakwambia sijawahi kukutana na dume la mnadani ambalo halina babu maarufu. Juzi juzi nilimsikia jamaa mmoja ana fimbo yake begani anapiga kelele huyu baba yake ametoka ranchi! Nikamuuliza ranchi ipi, akasema ya Kongwa. Nikauliza mama yake je. Akanyamaza kidogo, akasema, mama ni ng'ombe tu mzee. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Sasa wewe fanya hivi. Maneno yaache, muulize watoto wa hilo dume wako wapi, na kama hajazaa bado muulize mama na dada zake wako zizi gani ukawaone kwa macho, angalia kiwele, angalia miguu, muulize mwenye nyumba wanatoa lita ngapi mwezi wa kumi majani yakiisha, sio mwezi wa pili. Kama ni dume aliyetoka kituoni kweli, kuna maandishi, hereni au namba sikioni, na wenyewe wapo wanapigiwa simu. Kama hakuna kimoja wapo umenunua ng'ombe, sio mjukuu wa mtu. Si vibaya, ila bei iwe ya ng'ombe.

SWALI: Fundi wa kupandikiza ng'ombe ananiambia ana mirija ya mbegu ya dume bora duniani, na mwaka jana na mwaka juzi alinipandikizia ya dume huyo huyo. Niendelee naye? (Mfugaji wa Ihumwa)

JIBU: Swali lako fupi lakini ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Kuna dume la farasi wa Quarter Horse huko Marekani aliitwa Impressive, kazaliwa 1969. Bingwa. Misuli imejaa kama mnyanyua vyuma, akiingia uwanjani waamuzi wanaweka kalamu chini. Kila mtu akataka mtoto wake, akazaa zaidi ya 2,000. Baadae wenye farasi wakaanza kuona mambo, farasi mzima anatetemeka misuli, anadhoofika ghafla, anaanguka, wengine wanakufa. Uchunguzi ukaonyesha ni kasoro ya jeni inayovuruga chumvi za mwili kwenye misuli, kifupi chake HYPP, na kila mgonjwa ukifuatilia ukoo wake unaishia kwa Impressive. Jeni yenyewe ikajulikana 1992. Tena kasoro hiyo inaenda pamoja na ile misuli iliyompa ubingwa! Chama cha wafugaji wa Quarter Horse kikachukua muda mrefu, mpaka kuanzia watoto wa 2007 ndio kikakataa kuandikisha wale waliorithi kasoro pande zote mbili. Waliorithi upande mmoja wanaandikishwa. Mimi naona walichelewa sana, maana kipimo kilikuwepo miaka yote hiyo, ila pesa ilikuwa kwenye misuli.

Utasema hao farasi, mimi nina ng'ombe. Haya, ng'ombe. Dume la Friziani Pawnee Farm Arlinda Chief, kazaliwa 1962. Kwa sababu ng'ombe wana mirija, dume huyo alipata binti 16,000 na wajukuu wa kike nusu milioni, vitukuu wa kike zaidi ya milioni 2, na damu yake ikawa karibu asilimia 14 ya Friziani wote wa Marekani. Maziwa yalipanda kweli, hilo tusimnyime. Lakini alibeba kasoro moja isiyoonekana, ndama akiirithi kwa baba na kwa mama anafia tumboni mapema, na watafiti wakaja kukadiria kwamba imeua ndama karibu nusu milioni kabla haijagunduliwa. Mfugaji anaona tu jike halishiki, anarudia kupandikiza, anamlaumu fundi.

Ndio maana watu wa Thoroughbred mpaka leo wanakataa mirija kabisa, lazima dume apande mwenyewe la sivyo mtoto haandikishwi. Sababu zao ziko nyingi na nyingine ni za kibiashara, ila breki ipo.

Kwako wewe: mbegu ya dume bora sio mbaya, ubaya ni kumrudia mmoja. Binti waliozaliwa na mirija ya mwaka juzi wakifika umri wa kupandikizwa, usiweke tena mrija wa baba yao. Kila mrija umeandikwa jina na namba ya dume, mwambie fundi akuonyeshe kabla hajautia kwenye maji ya kuyeyushia, uandike kwenye daftari na tarehe na jina la jike. Fundi akikwambia namba haina umuhimu, tafuta fundi mwingine. Na mbegu za madume mbalimbali zipo, kituo cha taifa cha uhimilishaji NAIC kiko Usa River Arusha na ndiko nyingi zinakotoka, huna haja ya kung'ang'ania mmoja.

SWALI: Kijijini kwetu dume ni moja, la mzee mmoja, lina miaka saba pale. Ni zuri sana. Kuna shida? (Bila jina, Manyoni)

JIBU: Ndio ipo. Miaka saba maana yake linapanda binti zake na pengine wajukuu zake. Ndama anayezaliwa na dume na binti yake ana robo tatu ya damu ya dume huyo, ukitaka kujua ule undugu wa karibu niliousema juu ndio huu. Utaona ndama wadogo, wanaokufa kufa, majike wanaochelewa kushika. Dume akae miaka miwili mitatu, binti zake wakikaribia kupandwa abadilishwe. Sio lazima auzwe, badilishaneni na kijiji cha mbali, dume lao lije lenu liende, kreti ya soda imalize mambo. Na madume madogo mengine yahasiwe kabla hayajajifunza kuruka boma, nimeshawasimulia ya babu.

SWALI: Nimepata kiinua mgongo. Nataka nifuge farasi Dodoma, inawezekana? (Mstaafu, Kisasa)

JIBU: Hongera mzee wangu kwa kustaafu salama. Inawezekana ila kiinua mgongo nakionea huruma. Afrika yetu ina ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, wale wadudu kama mbu lakini wadogo zaidi, na farasi asiyechanjwa ukimpata uwezekano wa kufa ni mkubwa sana, homa, povu puani, siku chache amekwenda. Pundamilia wanakuwa nao bila kuumwa, punda wetu nao mara nyingi hauwasumbui. Ukifuga, chanjo ni lazima na jioni kabla jua halijazama waingie bandani kwenye nyavu, maana visubi vinauma jioni mpaka alfajiri. Bado kwato, bado chakula, bado kumpata daktari aliyezoea farasi. Punda wawili wazuri watakubebea maji na kuni, na jioni ukirudi kutoka kahawa hutakuta ameshakufa.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi niko darasa la sita Bahi. Baba alinisomea habari ya farasi aliyeanzisha ukoo, nikaambiwa aliitwa Figure. Je alikufaje na alizikwa wapi? Na punda wetu amezaa dume juzi, nataka nimuite Figure. Baba amesema nikuulize. (Mwanafunzi, Bahi)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, maswali yako yamenifurahisha kuliko ya wakubwa. Figure alipigwa teke na farasi mwenzake, kidonda hakikutibiwa, akafa mwaka 1821 akiwa na miaka 32 hivi, uzee mkubwa sana kwa farasi. Alizikwa kijijini Tunbridge, huko huko Vermont, na baadae mwaka 1921, miaka 100 tangu afe, wakamsimamishia sanamu kwenye shamba la Morgan huko Weybridge. Amesimama pale mpaka leo, kafupi, shingo juu.

Jina muite, zuri sana. Chukua daftari la shule ukurasa wa mwisho uandike siku aliyozaliwa, rangi yake, na kama ana alama yoyote. Alafu hapo kwenye mama, usiandike punda wetu kama ulivyoniandikia mimi. Ana jina gani? Kama hana, mpe na yeye leo hii kabla hujaandika la mtoto, ukinitumia nitayachapa yote mawili.